Mgodi Hauingii Kwenye Karatasi Moja

Wanangu mnaosoma informatiki hapo Goma, na ninyi mliokwisha kupata kazi kwenye vyama vya ushirika vya wachimbaji, kwenye komptuari (nyumba zinazonunua madini na kuyauza nje) na kwenye mashirika, nina neno nanyi. Linahusu ile michoro mnayoichapisha kwa mashine kubwa na kuibandika ukutani. Nimeiona. Visanduku mia na zaidi, mishale inapishana hadi jicho linachoka, na pembeni mmeandika kwa fahari kwamba huu ndio mchoro kamili wa mahitaji ya programu ya kufuatilia madini, toka shimoni Rubaya, huko Masisi, hadi melini. Mkiulizwa, gunia likifika kwa negosiani, yaani yule mnunuzi wa kati, likafunguliwa nani anaandika, mnasogelea ukuta, mnafuata mshale kwa kidole, mnapotea. Mchoro unaompoteza hata aliyeuchora hautamsaidia fundi atakayeandika programu, sembuse wakala wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, atakayeitumia akiwa amesimama kwenye tope.

Ninachowaomba ni hiki. Yagaweni mahitaji vipande vipande. Mkate pale mzigo unapotoka mkono mmoja kuingia mwingine, na mkate pale sheria inapoweza kugeuka bila kuwauliza. Kila kipande kiwe na mtu wa kazi, wa huko huko kazini, anayeweza kukisoma chote kwa kikao kimoja na kusema: ndiyo, hivi ndivyo tunavyofanya, au: hapana, hapa mmeandika uongo. Na maungio ya kipande na kipande yaandikwe kwa uangalifu kuliko vipande vyenyewe.

Baadhi yenu mlikuwa bado shule ya msingi mambo haya ya kufuatilia madini yalipoanza, kwa hiyo niwakumbushe. Tarehe 21 Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zinazouza hisa huko zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Miezi miwili haijatimia, tarehe 11 Septemba, Rais Joseph Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Ukafunguliwa tena Machi 2011, na katikati ya hapo wako watu Walikale walioshindia mihogo mitupu. Wakati huo huo wenye viwanda vya bati, kupitia chama chao cha ITRI kilichoko Uingereza, walikuwa wameanza mpango wa lebo unaoitwa ITSCI: kila gunia lifungwe lebo yenye namba, na namba hiyo iandikwe daftarini. Mwaka 2014 mpango huo ukafika Masisi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nalo likiwa halisomeki, mali hupotea huku habari zake zimeandikwa.

Fuateni gunia moja, kama lilivyosafiri kabla kazi ya lebo haijasimamishwa Masisi mwaka 2024. Kule kwenye vilima vya Rubaya mchimbaji anapandisha udongo wenye koltani, madini yanayotoa tantali. Unaoshwa, unaachwa uchuje maji, unajazwa guniani. Wakala wa SAEMAPE anapima, anafunga lebo ya mgodi, anaandika tarehe, namba ya lebo, shimo, aina ya madini, kilo na jina lake. Gunia linashuka mgongoni mwa mtu au kwa pikipiki mpaka kwa negosiani. Huko lebo ya mgodi inakatwa. Someni tena hapo: inakatwa. Madini yanamwagwa, yanachanganywa na ya magunia mengine, yanasafishwa upya, yanatiwa kwenye magunia mapya, na wakala wa Divisheni ya Migodi anafunga lebo nyingine, ya negosiani. Daftari lake ndilo peke yake linalosema kwamba magunia haya manne mapya yametokana na yale sita ya zamani. Kisha barabara, Sake, Goma, komptuari. Hapo mzigo unakuwa loti, yaani shehena moja ya kuuzwa nje, sampuli inapimwa maabara, CEEC, ofisi ya serikali inayothibitisha madini, inatoa cheti cha ICGLR, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, kinachotambulika katika nchi hizo, kodi inalipwa, lori linavuka mpaka.

Sasa tazameni mnavyokata. Wengi wenu mnakata kwa skrini: ukurasa wa kuingilia, ukurasa wa orodha, ukurasa wa ripoti. Huko ni kupanga rangi za nyumba ambayo msingi haujachimbwa. Mtu mmoja anaweza kugusa skrini tano kwa kazi moja, na skrini moja ikahudumia watu watatu wenye maslahi tofauti. Mkiandika mahitaji kwa skrini, kanuni ya kazi inasambaa kila mahali, na siku ikibadilika hamjui mwanzie wapi.

Wengine mnakata kwa mfadhili. Hili linauma zaidi kwa sababu linaonekana la busara. Mfadhili mmoja analipia kazi ya mgodini, mwingine analipia kazi ya usafirishaji nje, basi mnatengeneza vitabu viwili vya mahitaji, kila kimoja kina nembo yake. Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway aliandika kwamba watu wanaobuni mfumo hutoa mfumo unaofanana na jinsi wao wenyewe wanavyowasiliana. Ndivyo inavyotokea. Wafadhili wawili wasiozungumza huzaa programu mbili zisizozungumza, na kwa kuwa hakuna aliyelipia habari za negosiani, kitabu cha kwanza kinaishia kwenye lebo ya mgodi na cha pili kinaanzia kwenye lebo ya negosiani. Katikati pana uwazi, nao umekaa pale pale lebo inapokatwa. Mtu mwenye gunia lisilo na kwao haombi nafasi nzuri kuliko hiyo. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti nzima ikidai kwamba madini ya migodi isiyoruhusiwa yalikuwa yakiingizwa kwenye magunia yenye lebo. Wenye ITSCI walizikanusha tuhuma hizo. Mimi si hakimu wao. Nawaambia tu kwamba mjadala wote ule ulihusu maungio: nani alifunga lebo, wapi, juu ya madini ya nani.

Wako pia wanaokata kwa ramani. Wanasema: kipande cha Masisi, kipande cha Walikale. Masisi ina kilomita za mraba zisizofika 5,000, Walikale ina zaidi ya 23,000. Lakini ukubwa si hoja. Hoja ni kwamba kazi haijui mpaka wa teritori. Waulizeni wenzenu wa idara ya afya, ambao programu yao ya DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayokusanya takwimu za nchi nzima. Teritori ya Masisi wameigawa katika zoni za afya za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale wana Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Pinga iko ukingoni kabisa, na mama wa upande wa Masisi akishikwa na uchungu hatauliza teritori, atavuka aende hospitali iliyo karibu. Wenzenu wa afya walikuwa na zoni zao tangu zamani, zimegawanywa kwa kufuata nani anahudumia nani, na ndiyo maana takwimu zao zina pa kukaa. Ninyi wa madini mkiiga mipaka ya utawala mtaandika kanuni ile ile ya kupima gunia mara mbili, na baada ya mwaka mmoja zitakuwa zimeachana.

Mkate kwenye makabidhiano. Kipande cha kwanza kinaishia pale wakala wa mgodini anapomaliza kuandika mstari wake na gunia linaondoka. Cha pili kinaanza pale negosiani anapolipokea. Katika kipande cha kwanza msiandike lolote kuhusu loti, maabara wala mpaka; wakala wa SAEMAPE hana habari nayo na hapaswi kuwa nayo. Mahitaji yake yakiandikwa peke yake yanaingia kurasa nne au tano: anapokea nini, anakagua nini, anakataa kwa sababu gani, anaandika nini, anakabidhi nini, na afanye nini lebo ikikatika au mvua ikiloanisha daftari. Hilo la mwisho msilicheke. Masisi inanyesha.

Enzi za zamani za mgodi wa Bisie, kule Walikale, kabla kampuni haijaingia, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ilitoka msituni mgongoni mwa watu, kilo 50 kwa mtu, safari ya kilomita 45 hivi mpaka Njingala. Kilima kizima kilihama kwa njia hiyo kwa sababu kila mtu alijua mzigo wake unaishia wapi na anamkabidhi nani. Mahitaji nayo hubebwa hivyo.

Kuna mkato wa pili ambao vijana huusahau, nao ndio unaookoa roho yenu usiku wa manane. Ni kutenga kila jambo linaloweza kubadilika ghafla na kulipatia kipande chake. David Parnas aliliandika mwaka 1972 katika makala fupi ambayo kila mmoja wenu angepaswa kuisoma kabla ya kushika kalamu: gawa mfumo ili kila sehemu ifiche uamuzi mmoja unaoweza kugeuka, usigawe kwa kufuata hatua za kazi tu. Parnas alikuwa anasema habari za moduli za programu. Mimi nasema mahitaji nayo ni vivyo hivyo, na hakuna mahali duniani panapolithibitisha hilo kama kwetu.

Angalieni hali ya mgodi. Migodi yetu hupewa rangi: kijani ni ruhusa, njano ni tahadhari, nyekundu ni marufuku. Rangi hiyo haitokani na programu yenu, inatokana na ukaguzi wa tume na sahihi ya Waziri wa Migodi. Februari 2025 Wizara ikatangaza migodi 38 ya Masisi na Kalehe kuwa nyekundu, kwa muda wa miezi sita kwanza, kisha muda ukaongezwa. Sasa fikirini programu ambayo kanuni ya "mgodi lazima uwe kijani" imeandikwa kwenye kipande cha lebo, ikarudiwa kwenye kipande cha negosiani, ikarudiwa kwa maneno mengine kwenye kipande cha cheti, na mahali pengine imeachwa kwa sababu aliyeandika alidhani mwenzake ameshaiandika. Amri ya waziri inatoka asubuhi. Ninyi mna saa chache. Mtaitafuta kanuni hiyo kwenye ukuta mzima? Kama hali ya mgodi ingekuwa na kipande chake, kurasa mbili tu, chenye swali moja (mgodi huu leo una rangi gani, kwa amri namba ngapi, toka lini hadi lini) na vipande vingine vyote vikawa vinauliza hapo, kazi ingekuwa kubadilisha majedwali na kwenda kulala.

Kodi ni hivyo hivyo. Novemba 2018 amri ya Waziri Mkuu iliitangaza koltani kuwa madini ya kimkakati pamoja na kobalti na jemaniamu, na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Kasiteriti ikabaki kwenye asilimia 3.5 ya Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka huo huo. Kwa hiyo komptuari moja ya Goma iliyokuwa ikinunua koltani ya Masisi na kasiteriti ya Walikale ikawa na viwango viwili chini ya paa moja. Aliyeandika kiwango cha kodi ndani ya maelezo ya loti alijua siku hiyo uzito wa kalamu yake.

Hata majina. Msiyadharau majina. SAESSCAM ikawa SAEMAPE mwaka 2017. Kampuni ya madini ya MHI, ya Bisunzu upande wa Rubaya, ikawa SMB. ITRI yenyewe ikabadilisha jina mwaka 2018. SMB na chama cha wachimbaji cha COOPERAMMA walivutana miaka mingi juu ya eneo lile lile, mpaka wakafanya makubaliano mwaka 2013 kwamba wachimbaji wachimbe ndani ya hati ya kampuni na waiuzie kampuni. Kuelekea mwaka 2019 kampuni ikahamia mpango mwingine wa lebo, na mvutano ukaanza upya. Kutokana na hayo jifunzeni kutenganisha maswali matatu ambayo ninyi huyatia kwenye kisanduku kimoja mnachokiita "Mgodi": shimo liko wapi, hati ni ya nani, anayechimba ni nani. La kwanza halibadiliki. La pili linabadilika mahakamani na wizarani. La tatu linabadilika kila msimu. Kuyafunga pamoja ni kutafuta kesi.

Nirudi kwenye maungio, kwa maana hapo ndipo ninapoona uvivu mwingi. Tom DeMarco, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu uchambuzi wa mifumo, aliwafundisha watu kuchora kwa ngazi: mchoro wa juu wenye visanduku vichache, kisha kila kisanduku kinafunguliwa kwenye ukurasa wake. Na akaweka sharti ambalo wengi hulikumbuka kwa mdomo tu: kinachoingia na kutoka kwenye kisanduku cha juu lazima ndicho kinachoingia na kutoka kwenye ukurasa wa chini. Kisizidi, kisipungue. Ninyi mnachora kwa ngazi, sawa, lakini juu mmeandika "gunia" linaingia, chini linaingia gunia, daftari, risiti na simu ya mkubwa fulani. Hiyo simu ya mkubwa iandikeni juu nayo, au ifuteni.

Ungio gumu kuliko yote ni la kilo. Tuseme wakala wa mgodini amepima gunia likiwa na maji, kilo 50. Kwa negosiani limekauka na kusafishwa, limebaki 43. Je, kilo saba zimeibiwa? Au ni maji na mchanga? Na kama badala ya kupungua mzigo umeongezeka ukawa 55, udongo wa wapi umeingia humo? Programu iliyoandikwa kwa mchoro mmoja mkubwa inayo kilo moja tu: "uzito wa gunia". Wa pili akiandika, wa kwanza unafutika, na pamoja nao unafutika ushahidi. Ukigawa vizuri, kila kipande kina kilo zake, zina jina lake na zimepimwa kwa mizani yake, na ungio lenyewe lina kanuni yake: tofauti ya kiasi gani inakubalika, nani anaitolea maelezo, ndani ya siku ngapi. Kanuni hiyo haimo mgodini wala kwa negosiani. Imo katikati, na kama hamkuipa ukurasa wake haitaandikwa na yeyote, kwa sababu kila upande utasema ni ya mwenzake.

Na muda nao. Mstari wa daftari la karatasi unaweza kufika kwenye kompyuta siku kadhaa baada ya gunia kupita, maana mtandao wa kule Walikale mnaujua wenyewe. Kwa hiyo kipande cha pili kipokee gunia ambalo kipande cha kwanza bado hakijalitaja, kiliweke alama ya kusubiri, kisilikatae na kisilisahau. Mkiandika kwamba "mfumo utahakikisha lebo ipo", mmemfungia barabarani mtu mwenye mzigo halali, na atatafuta njia ya kuwazunguka. Ataipata.

Ukubwa wa kipande uwe kiasi gani? Wapo wanaohesabu visanduku, saba au tisa. Mimi nina kipimo kingine. Mpelekee mwenye kazi hiyo kurasa zake, kwa Kiswahili, umsomee kama hataki kusoma. Masisi watu wana Kihunde na Kinyarwanda, Walikale wana Kinyanga na Kikumu, ofisini wanaandika Kifaransa. Kiswahili ndicho wanachokutana nacho wote kwenye mizani. Akisinzia kabla hujamaliza, kipande ni kikubwa. Akisema "hii hainihusu" zaidi ya mara moja, umekata vibaya. Akianza kubishana nawe juu ya jambo dogo, kwa mfano kwamba lebo huwa hafungi yeye bali msaidizi wake kwa sababu yeye yuko mizanini, hapo umepata kipande sawasawa, na umepata pia hitaji ambalo hakuna semina ya hotelini ingekupa. Kisha atie sahihi. Sahihi ya mkurugenzi wa Goma kwenye kitabu cha kurasa mia mbili haina maana yoyote. Hakukisoma, nanyi mnajua hakukisoma.

Msidhani kwamba kila mgodi utaingia katika vipande hivyo hivyo. Bisie ya leo si Rubaya. Pale kampuni ya Alphamin inachimba kwa mitambo chini ya ardhi tangu 2019, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Hakuna negosiani katikati, hakuna magunia ya mashimo mia kuchanganywa. Kuna kiwanda, mizani yake na malori yake. Ukimlazimisha mtu wa Bisie ajaze sehemu ya negosiani, atajaza uongo ili fomu ipite. Chukueni vipande vinavyofanana, yaani hali ya mgodi, kodi, cheti, na viacheni vingine. Faida ya kugawa ndiyo hiyo: unaweza kuacha kipande bila kubomoa nyumba.

Na kwetu kuacha kipande ni jambo la kila mwaka. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, na muda mfupi baadaye kazi ya lebo ikasimamishwa Masisi. Machi 2025 walifika Walikale mjini. Alphamin ilisimamisha kazi tarehe 13 mwezi huo na ikatangaza kurudi Aprili. Kila mara jambo kama hilo linapotokea, kuna mtu ofisini anayeuliza: tunaizimaje sehemu ya Masisi bila kuzima ya Walikale, na ya zamani tunaihifadhije ili isiguswe? Swali hilo ni hitaji. Liandikeni kwenye kila kipande tangu siku ya kwanza: kikisimama ghafla, nini kinabaki, nani anakifunga, nani ana ruhusa ya kukifungua tena.

Nimeliacha nyuma jambo ninaloliogopa kuliko yote. Majina ya watu. Katika michoro yenu mchimbaji ni kisanduku kilichounganishwa na kila kitu: shimo lake, kilo zake, fedha alizopokea, simu yake, kijiji chake. Mnaona ni upangaji mzuri. Mimi naona orodha. Katika nchi ambayo shimo linaweza kubadilisha wakubwa kwa usiku mmoja, orodha inayosema fulani wa kijiji fulani alipokea kiasi fulani kwa kilima fulani inaweza kumtafutia mtu kifo. Watu wawe na kipande chao, kidogo, chenye wasomaji wachache sana, na vipande vingine vitumie namba tu. Ripoti ya uzalishaji haihitaji jina la mtu. Cheti hakihitaji simu yake. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, nanyi mnapaswa kuijua; lakini hata isingekuwepo, mngewatazama usoni vipi watu wa Rubaya?

Najua mtakachonijibu. Mtasema siku hizi hakuna anayeandika mahitaji, watu wanajenga haraka haraka na kurekebisha. Jengeni haraka, sikatazi. Ila jengeni kipande, si kilima. Mtasema pia kwamba sasa ipo akili mnemba, inachora mchoro mzima kwa dakika moja. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Zamani mchoro mkubwa uligharimu wiki za jasho, na jasho lenyewe lilikuwa linawazuia. Leo ukuta unajaa bure, na hakuna kisanduku hata kimoja kilichowahi kusikia harufu ya udongo wa Rubaya. Itumieni kunakili na kupanga, lakini mahali pa kukata mkaulize mtu mwenye mizani.

Basi fanyeni hivi wiki hii, kabla ya kikao kingine. Bandueni ule mchoro. Chukueni makabidhiano mamoja tu, yale ya lebo ya mgodi kukatwa kwa negosiani, muyaandike upya kwenye kurasa zisizozidi mbili, kwa Kiswahili, pamoja na kanuni ya kilo. Mpelekeeni wakala wa SAEMAPE upande mmoja na wakala wa Divisheni upande wa pili, kila mmoja peke yake kwanza, halafu pamoja. Wakikubaliana, leteni nizione. Wasipokubaliana, msiandike programu yoyote mpaka wakubaliane.